Unene wa mama na moto katika mwili wa mtoto

Ukurasa huu umezoea kukufuata kazini: kaske kichwani, miwani mbele ya jiwe la kunolea, mkanda kabla ya kupanda juu. Leo tunakufuata mpaka nyumbani, maana iko hatari moja inayoanza mezani, kwenye sahani ya bukari, na kumfikia mtu ambaye hajazaliwa bado. Tunasema na wewe mama, na tunasema na wewe baba vilevile. Usimpe bibi yako gazeti ukamwambia: «Soma, hii ni habari yako.»

Habari yenyewe ni hii. Mwanamke akishika mimba huku mwili wake ni mnene kupita kiasi, mtoto wake anaweza kuzaliwa na askari wa mwili waliofundishwa vibaya. Wanachelewa pale wanapotakiwa kupigana, na hawajui kuacha pale vita inapokwisha. Tutaeleza polepole namna gani jambo hilo linatokea, na kwa nini wakati mzuri wa kulizuia ni kabla ya mimba.

Moto unaosaidia na moto unaoharibu

Umekatwa kidole na bati. Baada ya muda mfupi kidole kinakuwa chekundu, kinapata moto, kinavimba na kuuma. Waganga wa hospitali wanaita hali hiyo inflamasio. Wengi wanafikiri ni ugonjwa, lakini ni kazi ya ulinzi. Chembe nyeupe za damu zimefika mahali palipoharibika, zinaua vijidudu, zinaondoa nyama iliyokufa, zinaandaa njia ya kupona. Kazi ikiisha, chembe nyingine zinatoa amri ya kuzima, na kidole kinarudi kama zamani.

Kwa hiyo mwili mzima unahitaji ujuzi wa namna mbili. Unahitaji kuwasha upesi, na unahitaji kuzima kwa wakati. Fundi wa kuunga vyuma anaelewa vizuri. Mwali wake ukikataa kuwaka, hakuna kazi. Akimaliza na kusahau kufunga gazi, atelie yote iko hatarini.

Basi, mafuta ya mwili yanaingiaje hapa? Watu wengi wanadhani mafuta yaliyo tumboni na kiunoni ni kama mfuko wa unga uliowekwa akiba, umekaa kimya ukingoja siku ya njaa. Sivyo. Mafuta ni sehemu hai ya mwili, inatengeneza maji yake na kuyatia katika damu. Mwaka 1993 wataalamu wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene yanatoa kitu kile kile ambacho chembe nyeupe hutumia kuwasha moto wa inflamasio. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, ikaonekana sababu moja kubwa: chembe za mafuta zikijaa mno, nyingine zinakosa hewa na kufa, na chembe nyeupe zile kubwa zinazokula takataka, zinazoitwa makrofaji, zinakuja kwa wingi na kukaa humo. Zinawasha moto, lakini hakuna kidonda cha kuponyesha, na hakuna siku ya kumaliza kazi.

Moto huo ni mdogo. Hauleti homa, hauumi. Mama anapika, anakwenda sokoni, anacheka na jirani, na moto unaendelea usiku na mchana kwa miaka. Polepole unaizuia insulini kufanya kazi yake, na ndiyo njia moja ambayo ugonjwa wa sukari unaingia.

Mlango wa kondo

Mtoto aliye tumboni hana damu moja na mama yake. Kati yao pana kondo, nalo ni kama mlango wa kiwanda wenye mlinzi: chakula na hewa vinaingia, takataka zinatoka, na vitu vingi vibaya vinarudishwa. Mwaka 2008 wataalamu wa Cleveland, Marekani, walilinganisha kondo za wanawake wanene na za wanawake wembamba, zote zikiwa zimetolewa baada ya kuzaa. Katika kondo za wanawake wanene walikuta makrofaji mara mbili mpaka mara tatu zaidi. Yaani moto ulikuwa umefika mpaka mlangoni, na mlinzi mwenyewe alikuwa ndani ya moshi. Pamoja na hayo, damu ya mama mnene mara nyingi ina sukari na mafuta mengi, na mtoto anapokea sehemu ya hayo yote.

Sasa fikiri ni wakati gani huo kwa mtoto. Katika miezi ile tisa askari wake wa mwili wanatengenezwa kwa mara ya kwanza. Wa kwanza kabisa wanazaliwa katika kifuko kidogo kilicho kando ya mimba changa, halafu ini la mtoto linachukua kazi hiyo, mwishoni mafuta ya ndani ya mifupa. Wengine kati ya wale wa kwanza wanahamia katika ini na ubongo, wanakaa huko miaka mingi, na wanazaana wenyewe. Kwa hiyo fundisho walilopata wakiwa wadogo linaweza kubaki. Aliyefundishwa katika chumba chenye moshi huzoea moshi.

Waganga wameona nini?

Huko Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani, wataalamu walichukua damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa sasa hivi, wengine wa mama wembamba, wengine wa mama wanene. Walizitia chembe nyeupe za damu hiyo vitu vinavyotoka kwa vijidudu, ili waone kama zitaamka. Chembe za watoto wa mama wanene zilijibu kwa ulegevu. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2015. Mtoto hajala kitu bado, hajanyonya hata mara moja, na tayari askari wake wanachelewa.

Mwaka 2013, Marekani vilevile, panya jike walilishwa chakula chenye mafuta mengi, na watoto wao wakajaribiwa kwa namna mbalimbali. Walipoingiwa na vijidudu katika ngozi, vidonda vyao vilikuwa vikubwa kuliko vya wengine. Vijidudu vilipoingia katika damu, waliumia zaidi. Na pale ambapo moto haukutakiwa, kwa mfano katika magonjwa ambamo mwili unajipiga wenyewe, moto wao ulikuwa mkali zaidi. Angalia vizuri mambo hayo mawili yakiwa pamoja: wadhaifu mbele ya adui wa kweli, wakali mahali pasipo na adui. Ndiyo maana hatusemi tu kwamba mtoto ana «moto mwingi». Kilichoharibika ni uongozi wa moto.

Mwaka 2025 wataalamu wa Bonn, Ujerumani, waliingia ndani zaidi. Walichunguza makrofaji za ini, zinazoitwa chembe za Kupffer, ambazo zinatoka katika wale askari wa kwanza kabisa. Kwa watoto wa panya wanene, chembe hizo zilikuwa zimebadilika namna ya kutumia chakula, na zikawa zinaziambia chembe za ini zijiwekee mafuta. Watoto hao walipata ini lenye mafuta hata walipolishwa chakula cha kawaida baada ya kuzaliwa. Wataalamu walipoondoa ufunguo mmoja tu ndani ya askari wale, ini halikujaa mafuta namna ile. Hapo ikaonekana wazi kwamba askari wenyewe walikuwa wamebeba fundisho la tumboni.

Utasema: panya ni panya. Una haki. Basi tuje kwa watoto wa watu. Mwaka 2014 zilikusanywa hesabu za uchunguzi 14, jumla ya mama na watoto 108,321. Watoto wa mama waliokuwa wanene wakati wa mimba walipata pumu zaidi kidogo kuliko wengine, karibu mara 1.3. Tufanye mfano ili hesabu hiyo isikutishe bure: kama katika watoto 100 wa mama wengine 10 wana pumu, katika watoto 100 wa mama wanene watakuwa 12 au 13. Wengi hawapati kitu. Lakini wale wawili watatu wa juu wana majina, na wana mama anayekesha nao usiku wakitafuta pumzi. Huko Sweden, ambako serikali inaandika kila uzazi, waliangalia watoto karibu milioni mbili waliozaliwa kuanzia mwaka 1997 mpaka 2016. Ugonjwa wa vijidudu katika damu siku za kwanza za maisha ni wa nadra, lakini uliongezeka kadiri uzito wa mama ulivyoongezeka.

Ndugu wawili wa mama mmoja

Hapa mtu mwenye akili atauliza swali gumu. «Labda si unene. Labda ni ukoo. Mama mnene anazaa watoto wenye damu ya unene, na nyumba ni ile ile, chakula ni kile kile.»

Jibu zuri kuliko yote tunalolijua lilitoka katika mji wa Québec, Canada. Huko wanawake waliokuwa wanene sana, wa kiasi cha kuhatarisha maisha, walifanyiwa upasuaji wa tumbo na matumbo ili chakula kipite njia fupi na mwili uchukue kidogo. Walipungua kilo nyingi. Wengi kati yao walikuwa wamekwisha kuzaa kabla ya upasuaji, na wakazaa tena baadaye. Basi wataalamu wakapata kitu ambacho ni vigumu kukipata: ndugu wa tumbo moja, mkubwa aliyekaa katika tumbo la mama mnene, mdogo aliyekaa katika tumbo la mama yule yule akiwa amepungua.

Mwaka 2009 walitoa habari ya mama 49 na watoto wao 111. Waliozaliwa baada ya mama kupungua walikuwa na unene mkubwa kwa nadra zaidi, kama mara tatu pungufu. Insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi. Na ile proteini ya damu ambayo waganga wanaipima ili kujua kama moto wa inflamasio unawaka ilikuwa chini kuliko kwa ndugu zao wakubwa. Mwaka 2013 waliangalia mpaka ndani ya chembe za damu za ndugu hao. Ukoo haukubadilika, mama hawezi kubadili ukoo wake kwa upasuaji. Kilichokuwa tofauti ni alama ndogo ndogo zinazobandikwa juu ya ukoo, kama vibao vya «fungua» na «funga» juu ya valvu za bomba. Tofauti zilionekana katika sehemu za ukoo zinazohusu sukari, mishipa ya damu, na inflamasio.

Hatukuambii utafute upasuaji. Ule ni wa wagonjwa wa hali nyingine, na una hatari zake. Tumeeleza habari ya Québec kwa sababu inaondoa kisingizio kimoja kikubwa, kile cha kusema «kwetu wote ni wanene, ndivyo tulivyoumbwa». Mama ni yule yule. Hali ya mwili wake kabla ya mimba ilikuwa tofauti, na watoto walitofautiana.

Kwetu mafuta ni heshima

Tuseme ukweli wa nyumba zetu. Bibi arusi akikonda, watu wa kwao wanauliza kama mume anamlisha. Mama akinenepa, mume anasifiwa kambini: mshahara wake unaonekana. Mama mkwe anafurahi. Na wazee wanakumbuka enzi za posho, siku familia zilipopanga mstari kupokea unga, maharagi, samaki na mafuta. Chakula cha namna ile kilikuwa na maana yake, kwani mtu wa koleo na nyundo alihitaji nguvu nyingi, na bibi yake alikuwa akilima, akitwanga, akibeba maji na kuni. Siku hizi wengi wanaendesha mashine wakiwa wameketi, unga unasagwa na mashine, na usafiri wa pikipiki uko mlangoni. Sahani imebaki ile ile ya mtu wa koleo. Kwa maoni yetu tatizo kubwa liko hapo, kuliko katika uvivu ambao watu wanapenda kuwatupia wanawake.

Tena usidhani kwamba unene ni dalili ya kula vizuri. Katika nchi yetu uchunguzi wa mwaka 2013–2014 ulikuta watoto 43 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mara nyingine mama mnene na mtoto aliyedumaa wanakula katika chungu kimoja: bukari nyingi, mafuta mengi, sukari nyingi, lakini samaki kidogo, maharagi kidogo, matunda hakuna. Tumbo limejaa, na vitu vya kujenga mwili havimo.

Jipime kabla ya mimba

Chukua kilo zako. Chukua urefu wako kwa meta, uuzidishe kwa wenyewe. Gawanya kilo kwa jibu hilo. Ukipata kati ya 18.5 na 25, uko sawa. Kutoka 25 uzito umezidi. Kutoka 30 ni unene wa kupita kiasi. Kwa mwanamke mwenye urefu wa meta 1.60, mpaka wa kwanza uko kwenye kilo 64, na wa pili karibu kilo 77. Upimaji huu ufanyike kabla ya mimba, kwani tumbo likishakua kilo za mama zinachanganyika na za mtoto na maji yake.

Uangalie zaidi muda ulio kati ya mtoto mmoja na mwingine. Hapo ndipo wanawake wengi wanaongezeka bila kujua: kilo chache za mimba ya kwanza hazikuondoka, za pili zikapanda juu yake. Huko Sweden walifuata wanawake 151,025 kutoka mimba ya kwanza mpaka ya pili. Wale walioongezeka pointi 3 au zaidi za hesabu ile, na kwa mwanamke wa meta 1.60 ni kama kilo 8 tu, walipata zaidi mpando wa damu wakati wa mimba, sukari ya mimba, na hata mtoto kufia tumboni. Wengine kati yao hawakuwa wanene hata baada ya kuongezeka. Basi ukipumzika miaka miwili au mitatu kabla ya mimba nyingine, una nafasi ya kurudi kwenye kilo zako. Kulipanga jambo hilo ni kazi ya watu wawili.

Kupungua hakutaki dawa za sokoni. Zile chupa na vidonge vya «kupunguza tumbo» visivyo na jina la mtengenezaji, uviache. Anza na sukari, kwa maana ndiyo rahisi. Mtu anayekunywa chai mara tatu kwa siku na vijiko vinne kila mara amekula vijiko 12. Chupa moja ya sukre ya santilita 33 ina karibu vijiko 7. Halafu mafuta. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, na ili kuzimaliza inabidi kutembea karibu nusu saa. Sombe ikiwa na karanga haihitaji na mafuta ya ngazi mengi juu yake, chagua kimoja. Ongeza lengalenga, maharagi, ndakala. Bukari ibaki, hatukukatazi bukari, lakini tonge liwe nusu ya lile la mtu anayetoka kuchimba. Na tembea. Kama ulikuwa na shamba dogo kando ya mji ukaliacha, kulirudia kutakuwa dawa mara mbili, kwa mwili na kwa chungu.

Mimba imekwisha kuingia

Hapa tunakuomba uangalifu, kwani wengine wakisoma habari hii wataogopa na kuacha kula. Usifanye hivyo! Huko Uholanzi, katika baridi ya mwaka 1944–1945, Wajerumani walizuia chakula na watu wakafa njaa. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule walichunguzwa mpaka walipozeeka. Wale ambao mama zao walikosa chakula mwanzoni mwa mimba walipata ugonjwa wa moyo zaidi, na wengine walinenepa. Njaa ya mama nayo inamfundisha mtoto vibaya.

Mama mwenye mimba asijaribu kukonda. Anachotakiwa ni kuongezeka kwa kiasi. Wataalamu wa Marekani waliweka vipimo hivi mwaka 2009: mama wa uzito wa kawaida aongezeke kilo 11.5 mpaka 16 kwa mimba nzima. Aliyezidi uzito, kilo 7 mpaka 11.5, aliye mnene kupita kiasi, kilo 5 mpaka 9. Maneno ya «kula kwa ajili ya watu wawili» yamewadanganya wengi.

Hatutaki kukuahidi zaidi ya ukweli. Uingereza na Australia zilijaribu kuwafundisha kula na kutembea wanawake wanene waliokuwa tayari wana mimba. Walikula vizuri zaidi, lakini faida kwa watoto ilikuwa ndogo. Ndiyo maana tunarudia neno «kabla». Pamoja na hayo, mama mnene mwenye mimba asikose hata siku moja ya kupima mimba, na aanze mapema, katika miezi mitatu ya kwanza. Aombe kupimwa mpando wa damu na sukari. Anywe vidonge vya foleti na vya damu anavyopewa. Na aseme wazi kilo zake za zamani, bila haya. Mzalishaji anauliza ili akusaidie.

Wewe baba

Mwenye kutoa fedha ya soko ni nani? Mwenye kuleta katoni ya sukre siku ya mshahara, ili watoto wafurahi, ni nani? Mwenye kununa kama mboga haielei katika mafuta? Bibi hawezi kubadili chungu peke yake wakati wewe unadai sahani ya zamani. Kuleni chungu kimoja kilichobadilika. Tena wanaume wa kambi wanaozoea kumtania mwanamke mnene, au kumtania aliyeanza kupungua kwamba ameugua, wanaharibu kazi ambayo mwenzao anaifanya kwa taabu.

Kuna jambo lingine lililo mikononi mwako kabisa. Nguo za kazi zisilale chumbani. Zifuliwe mbali na nguo za mtoto, na wewe uoge kabla ya kumbeba. Mtoto ambaye askari wake hawajui kuzima moto ana mapafu yanayoudhika upesi, na vumbi la mgodi linayaudhi zaidi. Moshi wa makala ni hivyo hivyo: mbabula ukae nje. Sigara usiseme hata neno, izime.

Na kama mtoto amekwisha kuzaliwa?

Mama mmoja atasema: «Mimi nilikuwa mnene, nimezaa tayari, je, mtoto wangu amehukumiwa?» Hapana. Tulichoeleza ni uwezekano ulioongezeka, na watoto wengi wa mama wanene wanakua wazima. Fundisho la kwanza lilikuwa tumboni. Mengine yanaendelea baada ya kuzaliwa.

Mnyonyeshe maziwa yako tu kwa miezi sita, bila maji, bila uji. Kwa mama mnene maziwa mara nyingine yanachelewa kushuka siku mbili tatu za kwanza. Wengi hapo wanakata tamaa na kununua kopo. Endelea kumweka mtoto kifuani mara nyingi, mchana na usiku, umwite mzalishaji akuonyeshe namna ya kumshika, maziwa yatakuja. Ukimwanzishia chakula kingine, usimzoeshe sukari. Chanjo zote azipate kwa siku zake, kwani askari wanaochelewa wanahitaji kuonyeshwa adui mapema. Mtoto anayekohoa kila usiku, au ambaye kifua chake kinapiga filimbi mara kwa mara, apelekwe apimwe pumu, asipewe tu dawa ya kikohozi mwezi baada ya mwezi.

Na katika wiki nne za kwanza, angalia dalili hizi: mtoto anakataa ziwa, mwili una moto, au umekuwa baridi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, amelegea na haamki vizuri, anashikwa na degedege. Dalili moja inatosha. Mpeleke hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane, na ukifika useme kwamba ni mtoto mchanga, usikae katika mstari wa wagonjwa wengine.